Mwaka wa Fimbo kwenye Gari la Macho

Siku mdogo wangu alipopata barua ya mwaka wa kujitolea, alikuja nayo mbio mpaka dukani kwangu akanisomea, ameishikilia mbele ya uso kama anainusa. Nilimwambia aishushe, barua si mkate. Akacheka, nami nikacheka, tukaendelea na mengine. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile najisikia vibaya, maana mimi ni mshonaji. Kutwa nzima kazi yangu ni kutazama watu wanavyosimama, bega lipi limeshuka, mgongo upi umepinda. Mtu akileta karatasi usoni namna ile ana sababu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuiona na wa kwanza kuipuuza.

Barua ilisema vijana waliomaliza shule watatawanywa nchi nzima kwa mwaka mmoja, wapewe fulana ya kijani, kofia na kazi. Kuomba unaomba mwenyewe, lakini kazi huchagui. Wako waliopangiwa kupanda miti, wengine kufundisha hesabu, wengine kuzibua mitaro. Mdogo wangu alikuwa ameomba kimoyomoyo apate miti. Akapangiwa gari la macho, yaani timu inayozunguka na gari moja kutoka shule hadi shule na zahanati hadi zahanati, kupima watu macho na kugawa miwani.

"Hongera," nikamwambia.

"Asante," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa pole.

Ili uelewe sauti ile lazima nianze na baba.

Baba alikuwa fundi suti. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, ukisimama mlangoni kwetu unatazamana nalo, na ndilo hilo ninalofanyia kazi sasa. Mashine ni ileile na kiti ni kilekile. Alianza kupoteza macho akiwa na miaka arobaini na kitu, na hakumwambia mtu. Miaka miwili alitupiga chenga wote. Nyuzi alizipanga kwenye rafu kwa utaratibu wake ili asihitaji kutazama rangi. Mimi akaniambia nimtungie uzi kwenye sindano, eti vidole vimekuwa vizito. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikatunga uzi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikijiona mtoto mwema kweli. Mara moja watu wa afya walipita mtaani na ubao wao wa kupimia macho. Baba akapanga foleni nyuma ya muuza magazeti, akamsikiliza anavyosoma, na zamu yake ilipofika akasoma vilevile. Akafaulu, akatamba wiki nzima. Haya ya muuza magazeti baba alikuja kutuambia mwenyewe wakati hayana faida tena.

Mambo yalifichuka siku alipomshonea mwalimu mkuu koti la harusi ya binti yake. Mkono wa kulia aliupachika kushoto, na wa kushoto kulia. Mwalimu mkuu alilivaa palepale dukani, akajaribu kushusha mikono, ikakataa kushuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka. Hospitali ikasema ni presha ya macho, imekuwa ikila kutoka pembeni kwa siku nyingi, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Daktari wa pale akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba, kwamba angekuja mapema dawa ya matone ingeyalinda macho yake. Akasema pia ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia, kwa hiyo watoto wapimwe.

Tulipimwa, mimi nikiwa na miaka kumi na saba na mdogo wangu kumi na miwili. Tukaonekana wazima, tukaambiwa turudi kila mwaka. Mwaka uliofuata tukasema tutaenda mwezi ujao, na huo mwezi ujao ukawa haufiki.

Sasa huyu mdogo wangu, kama alivyokuja kunisimulia baadaye, alikuwa ameanza kuona ukungu tangu akiwa shule. Vitu vya karibu alivipata sawasawa. Lakini namba za magari, maandishi ya ubaoni, uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara, vyote vilikuwa vimepakwa maziwa. Akajiambia imeanza. Na badala ya kusema, akafanya kilekile alichofanya baba, akafunga mdomo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba alitaka kuiona nchi walau mwaka mmoja kabla taa haijazimika. Ndiyo maana aliomba kujitolea, kwa ajili ya safari. Aliponiambia hivyo nilitamani kumzaba kibao. Mtu anaogopa upofu kiasi cha kulala nao kitanda kimoja, na dawa anaikimbia.

Kwenye kambi ya mafunzo vijana wote walipimwa macho, na hapo ndipo alipoanza ujanja wake. Kipimo chenyewe ni rahisi. Unakaa kwenye kiti, na mita sita mbele yako kuna ubao wenye alama moja tu, herufi E, imegeuzwa huku na huku mstari baada ya mstari. Huhitaji kujua kusoma. Unaonyesha tu kwa mkono miguu ya ile E inaelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto. Mistari ya juu ni mikubwa, ya chini ni midogo kama sisimizi. Mdogo wangu alikuwa wa tisa kwenye foleni. Mpaka zamu yake inafika, alikuwa amewaona wenzake wanane wakipunga mikono kwa mstari uleule. Akakaa, akapunga kama wao. Hiyo ni damu ya baba tupu.

Gari la macho lilikuwa na watu wanne. Mkubwa wao alikuwa mtaalamu wa macho, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye kila mtu alimwita Daktari ingawa kila asubuhi alikumbusha kwamba yeye si daktari. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi isiyovuliwa hata kwenye jua, wakimwita Mjomba. Kulikuwa na msichana mmoja wa kujitolea aliyeandika majina, na kulikuwa na mdogo wangu. Kwa kuwa ni mrefu na mikono yake haina mwisho, walimpa kazi ya kutundika ubao, kupima mita sita kwa kamba yenye fundo, kisha kusimama kando ya ubao na kugusa alama kwa fimbo huku mgonjwa anaonyesha. Jina likamganda siku ya kwanza, Fimbo.

Hakuna maficho mazuri kama yale. Mtu asiyeona mbali amesimamishwa kando ya ubao, anauona vizuri kwa kuwa pua yake ipo pale, na hakuna anayemuuliza chochote. Mwezi wa kwanza haujaisha alikuwa ameushika ubao mzima kichwani, kulia juu juu kushoto chini, mistari yote, na pande zote mbili. Maana ubao ulikuwa na pande mbili zenye mpangilio tofauti, na hapo ndipo utakapocheka. Wazo la kuugeuza kila siku saa sita lilikuwa lake yeye. Aligundua kwamba wanafunzi waliopimwa asubuhi walikuwa wakiwafundisha wenzao uani ili wasipewe miwani wakataniwa. Madereva wa malori waliotaka cheti cha macho walikuwa wakichora ule mstari wa tano kwenye kiganja. Fimbo aliwanasa wote. Akapendekeza upande mmoja uwe wa asubuhi na wa pili uwe wa mchana, na Daktari akamsifu mbele ya kadamnasi, akisema kijana huyu hadanganyiki.

Walizunguka kweli. Nilikuwa nazifuata safari zake kwa simu za Jumapili alasiri. Baba alikaa mlangoni, simu mapajani, nimeiwekea sauti ya juu, nami nashona vifungo pembeni.

"Uko wapi leo?" baba anauliza.

"Kwenye shule moja milimani, baba. Tumefika jana."

"Simama mlangoni. Mbele yako kuna nini?"

"Kiwanja cha mpira."

"Na nyuma ya kiwanja?"

"Kuna kilima."

"Kilimani kuna nini?"

"Ng'ombe, baba. Wanakula majani."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili. Hapana, kumi na watatu, mmoja alikuwa amejificha kwenye kichaka."

Baba anatikisa kichwa polepole. Mimi nilidhani anasafiri. Nilijiambia mzee wa watu anaitembea nchi kwa macho ya mwanawe, na mara nyingine machozi yalinilengalenga nikajichoma sindano. Kila Jumapili maswali yalikuwa yaleyale, mbele yako kuna nini, na nyuma ya hicho, na ng'ambo ya hapo. Mdogo wangu alikuwa mkarimu. Alimpa baba mito, mitumbwi, watoto wanaorusha tiara, mama aliyevaa kitambaa cha njano upande wa pili wa bonde. Alikuwa anatia chumvi kwa mikono miwili.

Niseme ukweli, niliona wivu. Mimi ninayekaa na baba kila siku, hakuna aliyeniuliza naona nini, isipokuwa kuhusu kile kibao.

Juu ya duka kuna kibao ambacho baba alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Mstari wa juu unasema FUNDI SUTI, nao umenyooka sawasawa. Wa chini aliuongeza ule mwaka wa mwisho wa macho yake, akiwa juu ya ngazi, hataki mtu amsaidie: KAZI SAFI KWA WAKATI. Mstari huo unashuka kama maji yanatafuta bonde, na herufi mbili za mwisho hazikupata nafasi kwenye ubao, zimeandikwa ukutani. Aliposhuka alifuta mikono akaniuliza, "Umenyooka?" Nikasema umenyooka. Tangu hapo huwa ananiuliza mara mojamoja, kibao kiko salama, mstari wa chini umekaa vizuri, nami nimejibu hivyohivyo miaka minane. Wateja wote wanajua na majirani wote wanajua. Ningemwambia nini mtu aliyekwisha nyang'anywa kazi, tena nimnyang'anye na kibao?

Katikati ya mwaka kulikuwa na Jumapili moja ambayo sikuielewa. Mdogo wangu alikuwa ametoka kusimulia mbuzi weupe juu ya mwamba wa mbali. Baba akamkatiza.

"Huyo anayekohoa karibu yako ni nani?"

"Ni Mjomba, dereva wetu."

"Mpe simu nimsalimie. Mtu anayembeba mwanangu nchi nzima lazima nimshukuru." Kisha akanigeukia. "Wewe nenda kaangalie chai."

"Chai haijabandikwa, baba."

"Basi nenda kaibandike."

Nilinuna, nikaenda. Niliporudi simu ilikuwa imezimwa na baba ameshikilia mkongojo wake kwa mikono yote miwili. Nilimuuliza wamezungumza nini. Akasema, "Dereva mwema," basi. Mdogo wangu naye anasema Mjomba alikwenda na simu nyuma ya gari, akakaa huko muda wa kutosha kubadilisha gurudumu.

Baada ya siku hiyo baba alipungua. Chakula alikuwa anakichezea. Akiitwa anachelewa kuitika. Jumapili aliendelea na maswali yake, mbele yako kuna nini, lakini akaongeza swali jipya: ninyi wenyewe mnapimwa lini? Mdogo wangu alijibu kwamba ni mwishoni, kuna fomu ya kuondoka, mle ndani kuna sehemu ya macho. Baba akawa anahesabu wiki kwa vidole. Mimi nilidhani amemkumbuka mwanawe tu.

Wiki ya mwisho ikafika. Walikuwa kwenye darasa moja la shule, saa mbili asubuhi, foleni imeshaanza kujipanga nje. Daktari akatoa zile fomu za kuondoka, akasema tumalizane na vijana wetu kwanza kabla ya wagonjwa. Akamtuma Fimbo akachukue meza ofisini kwa mwalimu mkuu. Mjomba akasema, "Nenda tu, ubao nitautundika mimi."

Fimbo alirudi na meza kichwani, akaiweka, akakaa kwenye kiti. Ukutani aliona mraba mweupe, basi. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Asubuhi ni asubuhi, na upande wa asubuhi anaujua kuliko jina lake.

"Wewe tuanze mstari wa tano, tusipoteze muda," Daktari akasema. Mjomba akashika fimbo, akagusa alama ya kwanza.

Mkono wa mdogo wangu ukaenda wenyewe. Kulia, juu, juu, kushoto, chini. Hakusita. Daktari akasema mstari wa sita, akaumaliza. Akasema wa saba, ule ambao mwaka mzima ni watu watatu tu waliowahi kuufikisha mwisho, naye akaufikisha mwisho, na akaweka madaha kidogo kwenye alama ya mwisho. Msichana wa kuandika alikuwa ameacha kuandika.

Daktari akavuta kiti chake, akaja kukaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Umesoma vizuri sana," akasema. "Hukukosea hata moja. Ila huo ni upande wa asubuhi. Uliotundikwa pale ni wa mchana."

Mdogo wangu akautazama ule mraba mweupe, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa na ng'ombe wala mbuzi wa kuweka pale. Akaanza kulia mbele ya msichana, mbele ya dereva, na watoto wakichungulia dirishani.

"Baba yangu ni kipofu," akasema. "Na mimi imeanza."

Akayamwaga yote, ukungu, kambi, nafasi ya tisa kwenye foleni. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akafura. "Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima umesimama mita sita kutoka kwangu. Mita sita." Akamwambia Mjomba afunge mlango na foleni isubiri.

Alimpima presha ya macho kwa kile kifaa cha kuwekea kidevu. Akarudia. Akamtia matone, akamulika ndani kwa taa, tazama juu, tazama sikio langu, tazama kule. Mdogo wangu anasema katika safari zote alizofanya hakuna barabara iliyokuwa ndefu kama upimaji ule. Kisha akamwambia atazame pua yake, akaanza kuleta vidole kutoka pembeni, huku, kule, juu, chini, ukiviona sema. Akasema. Kila mara akasema mapema.

Mwishowe Daktari akazima taa yake. "Presha yako ni ya kawaida. Mshipa wa nyuma ya jicho ni mzima. Pembeni unaona kuliko mimi."

"Sasa mbona sioni mbali?"

"Kwa sababu huoni mbali, basi. Unahitaji miwani. Ule wa baba yako huanza kula pembeni, hauanzi na ukungu wa namna hii. Hii ni shida ya nusu ya watoto tuliowapima, na umewavalisha miwani kwa mikono yako mwenyewe."

"Kwa hiyo sitapofuka?"

"Kwa hili, hapana. Kuhusu ule wa baba yako, leo huna. Ya kesho siwezi kukuapia, ndiyo maana utapimwa kila mwaka mpaka uzeeke, na ukiruka hata mmoja nitakufuata nikuchape na hiyo fimbo. Kama una ndugu, nao vilevile."

Miwani ilitoka kwenye sanduku ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilishusha na kulipakia kila siku kwa mwaka mzima. Daktari akajaribu kioo hiki na kile, akamvalisha. Kitu cha kwanza alichokiona mbali kilikuwa Mjomba, amesimama kando ya ubao, ameivua ile kofia ya sufi na anafutia uso. Alikuwa analia. Mdogo wangu alifurahi, lakini hakuelewa dereva analia nini.

Kesho yake walimleta nyumbani. Nilisikia honi, nikatoka dukani tepu ya kupimia ingali shingoni. Baba alikuwa ameshasimama mlangoni mwa nyumba, ng'ambo ya barabara, kabla ya honi. Mdogo wangu akashuka na begi lake, nikaona kitu kinang'aa usoni mwake, na kabla sijasema neno alikuwa amekwisha vuka na kuinama mbele ya baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baba akanyoosha mkono kumpapasa uso, kama anavyofanya kwa mtu aliyepotea siku nyingi. Vidole vikapita kwenye paji la uso, vikashuka, vikakuta fremu. Vikasimama hapo.

"Ni nini hiki?"

"Ni miwani, baba. Ni miwani tu. Si ule wako. Wamenipima presha mara mbili, wamenipima pembeni, wamemulika mpaka ndani. Niko mzima. Sioni mbali tu."

Baba aliifuata fremu yote kwa vidole, kutoka sikio hadi sikio, taratibu, vile alivyokuwa akikagua mshono wa kola. Kisha akakaa kizingitini, akashusha pumzi. Ilitoka ndefu mpaka nikaogopa. Nadhani alikuwa ameibana tangu siku daktari wa hospitali aliposema watoto wapimwe.

"Dereva yuko wapi?" akauliza.

"Niko hapa, mzee." Mjomba alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi.

"Uligeuza?"

"Niligeuza, kama tulivyokubaliana. Nilitaka kukupigia jana, nikaona hili ni la kwake kusema."

Mdogo wangu akamtazama Mjomba, akamtazama baba. "Baba, ulijua?"

"Mbuzi wako wa kwenye mwamba walikuwa magunia ya mkaa," baba akasema. "Nilimuuliza mwenzako. Nikamuuliza na wale ng'ombe kumi na watatu, akaniambia ni mawe. Mwaka mzima nilikuwa nakupima, mwanangu. Ulidhani nataka mandhari?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekimbia. Mimi ningekimbia. Ulikuwa mikononi mwa watu wa macho, nikaona bora ubaki hapo hapo." Akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Mimi nilisoma ubao kwa sikio, nyuma ya muuza magazeti. Angekuwepo mtu mmoja tu wa kuugeuza ule ubao, leo ningekuwa nakushonea suti. Kwa hiyo nilimtafuta mtu wa kuugeuza wako."

Nilichemka. Nilitaka kuwagombeza wote watatu kwa pamoja, hasa kwa ile chai isiyobandikwa. Nusu mwaka mzee ameubeba mzigo ule peke yake na dereva asiyemjua sura, mimi nimekaa naye chumba kimoja nikishona vifungo. Lakini kilichotoka ni kilio cha mtu aliyepona, na Daktari, ambaye alikuwa amebaki garini akijaza fomu, akateremka na kuuliza huyu ndiye dada? Akanivuta mpaka kwenye kiti changu cha dukani, akanipima palepale. Mzima. Mwezi ujao wetu ukawa umefika.

Niliporudi upande wa pili nilimkuta baba amesimama tena, mkono juu ya bega la mdogo wangu.

"Simama mlangoni," alikuwa anamwambia. "Mbele yako kuna nini?"

"Barabara, baba. Halafu duka."

"Juu ya duka?"

"Kuna kibao."

"Kisome."

"Fundi Suti."

"Hilo unalijua kwa kichwa. Mstari wa chini."

Nilifungua mdomo. Baba akainua kidole bila kugeuka. "Wewe nyamaza."

Mdogo wangu akavua miwani, akaifuta kwa fulana yake ya kijani, akaivaa. Alitazama kwa muda. "Kazi safi kwa wakati," akasema. Kisha akanitazama mimi, akatazama tena kibao, nikajua anachotaka kusema na nikajua hataongeza ng'ombe. "Umepinda, baba. Unaanza kushuka kwenye neno la pili. Herufi mbili za mwisho zimetoka nje kabisa. Ziko ukutani."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Baba akageuza uso upande niliokuwa.

"Ziko ukutani?"

"Ziko ukutani, baba," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikapiga hatua nimshike, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango, kicheko ambacho hatukukisikia hata siku ya koti la mwalimu mkuu, na Mjomba akaambukizwa, na Daktari akauliza kuna nini jamani.

"Miaka minane," baba akasema, anafuta macho. "Miaka minane wananiambia umenyooka." Akampigapiga mdogo wangu begani. "Huyu anaona. Mmesikia? Huyu anaona kweli."

Halafu akataka avushwe barabara. Tukamtolea kiti cha mashine, tukakiweka chini ya kibao, akapanda juu yake, na mdogo wangu akamwelekeza mkono mpaka kwenye ukuta, hapo palipokuwa na T na I. Akazipapasa moja baada ya nyingine, bado anacheka. Mimi nilikishikilia kiti.